Mombasa Mpaka Kisumu kwa Ndege: Masafa ni Yale Yale, Saa si Zile Zile

Watu wengi waliopata kusafiri kwa ndege baina ya pwani na Ziwa Viktoria hawapatani katika jibu la swali moja dogo: Je, safari ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ni ya muda gani? Mmoja husema kwamba ni saa moja na nusu. Wa pili husema kwamba yeye alikaa njiani saa tano. Wa tatu huapa kwamba alitoka nyumbani kwake kabla ya jua kuchomoza na akafika kwao jua linatua. Wote watatu wanasema kweli. Kila mmoja amepima safari yake kwa kipimo chake, wala hakumwambia mwenziwe kipimo hicho ni kipi.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko mazungumzo ya barazani. Mtu aitwapo nyumbani kwa mazishi, au kumtazama mgonjwa, au kuhudhuria kesi ya shamba, hutoa fedha nyingi kununua tiketi ya ndege kwa sababu anataka kuwahi. Akipanga safari yake kwa kutazama muda wa angani peke yake, huenda akalipa fedha zile na bado asiwahi. Kwa hiyo yafaa kila msafiri ajue mambo mawili: masafa baina ya viwanja hivi viwili ni kiasi gani, na muda wa safari hupatikanaje.

MASAFA YAPIMWAVYO

Masafa ya ndege hayapimwi kwa kufuata barabara wala reli. Hupimwa kwa mstari ulionyoka juu ya uso wa dunia, kama kamba iliyovutwa sawasawa kutoka uwanja mmoja mpaka mwingine. Ili kuupima mstari huo, watu hutumia alama za ramani ziitwazo nyuzi za latitudo na longitudo. Latitudo huonyesha umbali wa mahali kutoka Ikweta, kaskazini au kusini. Longitudo huonyesha umbali wa kwenda mashariki au magharibi.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kusini kidogo ya Ikweta, katika latitudo ya dakika 5 tu kusini, na longitudo ya nyuzi 34 na dakika 44 mashariki. Uwanja wa Moi ulioko Mombasa, katika sehemu iliyojulikana tangu zamani kwa jina la Port Reitz, uko katika latitudo ya nyuzi 4 na dakika 2 kusini, na longitudo ya nyuzi 39 na dakika 36 mashariki. Hapa neno dakika si dakika ya saa, bali ni sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja.

Mtoto wa shule aliyefundishwa hesabu za pembetatu aweza kuyapata masafa hayo kwa kalamu na karatasi. Karibu na Ikweta uzi mmoja ni kiasi cha kilomita 111, ama ukienda kusini au ukienda mashariki. Kutoka Kisumu kwenda kusini mpaka kufika usawa wa Mombasa ni nyuzi 3 na dakika 57, yaani karibu kilomita 438. Kwenda mashariki ni nyuzi 4 na dakika 52, yaani karibu kilomita 540. Pande hizo mbili zinakutana kwa pembe ya mraba, na safari ya ndege ndiyo upande wa tatu ulio mrefu kupita yote. Zidisha kila upande kwa wenyewe, jumlisha, kisha utafute kipeo cha pili cha jumla hiyo. Jibu litakuwa karibu kilomita 695, ambazo ni sawa na maili 432 za nchi kavu.

Marubani wenyewe hawatumii kilomita wala maili za barabarani. Wao hutumia maili za baharini, kama mabaharia. Maili moja ya baharini ina mita 1,852, nayo imekadiriwa kwa urefu wa dakika moja ya latitudo. Kwa hiyo ni rahisi kuihesabu katika ramani. Kwa kipimo hicho, kutoka Mombasa mpaka Kisumu ni maili 375. Basi msafiri asishangae akisikia hesabu tatu mbalimbali za njia ile ile. Njia ni moja, vipimo ndivyo vitatu.

KWA NINI NDEGE IKO KARIBU KULIKO RELI

Reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu, wakati ule mahali hapo palipoitwa Port Florence, mwezi wa Desemba 1901. Urefu wake ulikuwa maili 582, yaani kilomita 937 hivi. Hii ni zaidi ya mstari wa ndege kwa kilomita 240 na kitu. Tofauti hii haikutokana na uvivu wa wajenzi. Gari moshi haliwezi kupanda mlima kwa ghafula. Reli ililazimika kuzunguka ikitafuta miinuko ya taratibu, ikateremka Bonde la Ufa, ikapanda tena milima ya Mau kupita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, ndipo ikateremka mpaka ziwani. Msafiri wa gari moshi alilala usiku mmoja mpaka Nairobi, na usiku wa pili mpaka Kisumu.

Barabara ya magari nayo hupinda. Kutoka Mombasa kupitia Nairobi, Nakuru na Kericho mpaka Kisumu ni karibu kilomita 830. Ndege haijali bonde wala mlima. Ukichora mstari wake juu ya ramani, utaona kwamba unaondoka pwani, unapita kaskazini kidogo ya Voi, unavuka mbuga ya Tsavo na vilima vya Chyulu, unapita karibu na Kajiado, unakata Bonde la Ufa, unapita karibu na Narok, kisha unavuka nchi ya majani ya chai baina ya Bomet na Kericho na kuteremka katika tambarare za Nyanza. Asubuhi isiyo na mawingu abiria aliyeketi upande wa kushoto aweza kuuona mlima Kilimanjaro.

Kwa kweli ndege haifuati mstari huo kama kamba. Angani pia mna njia zilizowekwa, na waongozaji walio chini huwaambia marubani wapite wapi na kwa urefu gani, ili ndege zisikaribiane. Tena ndege huruka na kutua ikielekea upepo, kwa hiyo mara nyingine huondoka uwanjani ikielekea upande usio wa safari yake, kisha ikageuka. Mizunguko hiyo huongeza kilomita chache.

MUDA WA ANGANI

Mtu ajuaye masafa na mwendo aweza kuupata muda kwa kugawanya. Ndege za mapanga mawili zitumikazo sana katika safari za ndani, kama zile za aina ya Dash 8-400, huenda kiasi cha kilomita 600 kwa saa zikiwa juu. Gawanya 695 kwa 600, utapata dakika 70. Lakini ndege haiwezi kwenda mwendo huo tangu mwanzo hata mwisho. Inapopanda huenda polepole zaidi, na inapokaribia kutua hupunguza mwendo. Tena kabla ya kuruka hutambaa kutoka kituoni mpaka mwisho wa njia yake, na baada ya kutua hutambaa tena mpaka mahali pa kusimama. Mambo hayo yote huongeza dakika 15 au 20. Ndiyo sababu safari ya moja kwa moja huhesabiwa kuwa karibu saa moja na nusu.

Hapo yafaa ijulikane kwamba muda ulioandikwa katika ratiba hauanzi magurudumu yaachapo ardhi. Huanza ndege iondokapo kituoni, na huisha isimamapo kituo cha pili. Abiria atazamaye saa yake tangu kuruka mpaka kutua ataona kwamba muda wake ni mfupi kuliko wa ratiba, naye atadhani kwamba rubani amefanya haraka. Sivyo. Hesabu zao hazikuanza mahali pamoja.

Wengine husema, "Ndege ya jeti ingekuwa bora zaidi." Ni kweli kwamba jeti huenda kilomita 800 kwa saa au kupita. Lakini 695 ukigawanya kwa 800 utapata dakika 52, nazo dakika za kutambaa, kupanda na kuteremka hazipungui sana. Faida yake katika safari hii ni robo saa tu, au zaidi kidogo. Katika safari ndefu ya kuvuka bahari mwendo wa jeti huokoa saa nyingi. Katika safari fupi huokoa muda ambao mtu aweza kuupoteza akingoja kivuko cha Likoni.

Upepo nao una kazi yake. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta, mara nyingi pepo za juu hutoka upande wa mashariki. Ndege iendayo Kisumu husukumwa kidogo, na ile irudiyo Mombasa huzuiwa kidogo. Ikiwa upepo ni wa kilomita 40 kwa saa, ndege ya kilomita 600 itapita juu ya nchi kwa mwendo wa 640 ikisukumwa, na 560 ikizuiwa. Katika safari hii tofauti baina ya kwenda na kurudi ni dakika 10: dakika 65 kwa kwenda na 75 kwa kurudi. Jahazi zilizokuja pwani kwa kaskazi na kuondoka kwa kusi zilitii sheria hiyo hiyo, ila zenyewe zilingoja miezi, na ndege hungoja dakika.

Hali ya mbingu pia huangaliwa. Nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, hasa upande wa Kericho, inajulikana kwa ngurumo na mvua ya mawe, na ngurumo hizo hutokea sana alasiri jua likiisha kuipasha ardhi moto. Rubani hapiti katikati ya wingu la namna hiyo. Hulizunguka, au hungoja. Abiria mwenye jambo la lazima na awezaye kuchagua, ni heri achague ndege ya asubuhi.

ZAMANI NA SASA

Safari ya angani baina ya Kisumu na Mombasa si jambo geni. Tangu mwaka 1931 Kisumu ilikuwa kituo cha ndege za kampuni ya Imperial Airways zilizoleta barua kutoka Uingereza. Mwaka 1937 zilianza kutumika ndege kubwa ziwezazo kutua majini. Ndege hizo zilikuwa zikisafiri kutoka Uingereza mpaka Durban, na katika njia yao zilitua ziwani Kisumu na baharini Mombasa. Zilikwenda kiasi cha kilomita 260 kwa saa. Kwa mwendo huo masafa yale yale ya kilomita 695 huchukua saa mbili na dakika 40.

Baadaye, mwaka 1946, ilianzishwa kampuni ya East African Airways iliyotumikia nchi za Afrika Mashariki kwa pamoja. Kampuni hiyo ilikoma mwaka 1977, na mwaka huo huo Kenya Airways ikaanza kazi. Katika miaka hiyo yote Kisumu na Mombasa hazikusogeleana hata hatua moja. Muda wa angani ndio uliopunguka karibu nusu.

KUPITIA NAIROBI

Hapa ndipo wasafiri wengi hukosea. Si kila siku ndege huenda moja kwa moja kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Ratiba hubadilika mara kwa mara kwa kufuata wingi wa abiria, na mara nyingi msafiri hulazimika kupitia Nairobi na kubadili ndege huko.

Kutoka Mombasa mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta ni karibu kilomita 422, na kutoka huko mpaka Kisumu ni karibu kilomita 280. Ukijumlisha utapata kilomita 702. Maana yake ni kwamba Nairobi iko karibu sana na mstari ulionyoka, na kupita huko huongeza masafa kwa kilomita saba tu. Mtu akitazama ramani atasema kwamba hakuna hasara.

Lakini muda hausemi hivyo. Ndege itateremka, itatambaa, itasimama. Abiria atashuka na kungoja ndege ya pili, labda saa moja, labda tatu. Kisha ndege ya pili itatambaa, itapanda, na kuteremka tena. Dakika zile za kuanza na kumaliza, ambazo katika safari ya moja kwa moja hulipwa mara moja, hapa hulipwa mara mbili. Basi kilomita saba zaidi zaweza kumgharimu msafiri saa mbili au tatu zaidi, na ndege ya kwanza ikichelewa, huenda ya pili ikaondoka bila yeye. Kama safari zote mbili zimeandikwa katika tiketi moja, kwa desturi kampuni humtafutia nafasi katika ndege nyingine. Kama amenunua tiketi mbili mbali mbali kwa kampuni mbili, huenda akalazimika kununua nyingine.

MLANGO KWA MLANGO

Kipimo kilicho cha haki ni kile kianzacho katika mlango wa nyumba utokako na kuishia katika mlango wa nyumba uendako. Mfano ni huu. Kuna mtu afanyaye kazi bandarini Kilindini, naye akaa Likoni. Kwao ni Ahero. Alhamisi saa tisa mchana anapata habari kwamba ndugu yake amefariki, na kwamba mazishi yatakuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Ijumaa jioni wazee watakutana nyumbani kwa mambo ya mazishi, naye ndiye mkubwa miongoni mwa waliobaki.

Tuseme kwamba Ijumaa kuna ndege ya moja kwa moja iondokayo saa saba mchana. Mtu huyo atatoka nyumbani saa tatu na nusu asubuhi, avuke kwa kivuko, apite mjini na daraja la Makupa, afike uwanjani saa tano. Atangoja saa mbili, kwa sababu mizigo yapasa kupimwa na abiria kupekuliwa. Atafika Kisumu saa nane na nusu. Atachukua mzigo wake na kutafuta gari, itakuwa saa tisa. Uwanja uko upande wa pili wa mji, kwa hiyo atapita mji mzima kabla ya kuishika njia ya Ahero. Atafika kwao saa kumi jioni. Safari yake nzima ni saa sita na nusu. Katika hizo, saa za ndege ni moja na nusu tu. Tano zilizobaki ni za nchi kavu.

Sasa litazamwe basi la usiku. Mtu yule yule akipanda basi Alhamisi saa moja usiku, naye akasafiri saa 16, atafika Ahero Ijumaa saa tano asubuhi. Tena basi litokalo Nairobi kupitia Kericho hupita Ahero kabla ya kufika Kisumu, kwa hiyo atashukia karibu na kwao. Amechoka, naye hakulala vizuri. Lakini amefika saa tano nzima kabla ya yule aliyengoja ndege. Basi ni polepole kuliko ndege, ila lilianza kutembea wakati ndege ilikuwa bado imelala. Kwenda upesi ni jambo moja, na kufika mapema ni jambo la pili.

Lakini mambo yakibadilika kidogo, hesabu hugeuka. Iwapo mtu huyo hakupata ruhusa kazini mpaka Ijumaa saa sita mchana, ndege ya saa saba haiwahi tena. Akipanda basi la Ijumaa saa moja usiku, atafika Jumamosi saa tano asubuhi, na mazishi yalikuwa saa nne. Atakuta watu wanaondoka kaburini. Kwa mtu huyo ndege ya jioni ya kupitia Nairobi, pamoja na kungoja kwake kote, ndiyo ya kumwokoa. Akiondoka Mombasa saa kumi jioni, akashika ndege ya pili Nairobi saa moja usiku, atakuwa Kisumu saa mbili au zaidi kidogo, na kwao kabla ya saa nne za usiku. Mkutano wa wazee umempita, lakini atamzika ndugu yake.

Saa hizi zimewekwa kwa mfano tu, wala si ratiba ya kampuni yoyote. Kila msafiri aweke saa zake mwenyewe mahali pake, na hesabu itakuwa ni ile ile.

SAA YA TIKETI NA SAA YA KISWAHILI

Kuna kosa jingine ambalo limewakosesha watu safari, nalo halitokani na ndege hata kidogo. Tiketi huandikwa kwa saa zihesabiwazo tangu usiku wa manane, kuanzia 00:00 mpaka 23:59. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu magharibi. Tofauti yake ni saa sita.

Tiketi iliyoandikwa 07:00 ni ya saa moja asubuhi. Iliyoandikwa 13:15 ni ya saa saba na robo mchana. Iliyoandikwa 19:00 ni ya saa moja usiku. Mtu akiona 07:00 na kusoma "saa saba," atakuja uwanjani mchana kutafuta ndege iliyokwisha kuondoka asubuhi. Hatari ni kubwa zaidi pale mtu mmoja asomapo tiketi na kumpigia mwenziwe simu, kwa maana aliye upande wa pili hakuiona karatasi. Ni heri mwenye kusoma aseme namba kama zilivyoandikwa, kisha aseme saa kwa Kiswahili, na kuongeza neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Safari iliyo karibu na usiku wa manane yataka uangalifu zaidi. Ndege ya tarehe 5 saa 00:30 huondoka saa sita na nusu za usiku, na abiria wake yampasa awe uwanjani tangu usiku wa tarehe 4. Ajaye usiku wa tarehe 5 amechelewa siku nzima.

MAMBO YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kabla ya kutoa fedha, msafiri amwulize mwenye kuuza tiketi maneno haya. Kwanza, ndege hii yaenda moja kwa moja, au yapitia Nairobi? Pili, ikiwa yapitia Nairobi, nitangoja huko muda gani, na safari zote mbili zimo katika tiketi moja? Tatu, mwisho wa kupokewa abiria ni dakika ngapi kabla ya kuondoka? Nne, ndege ikifutwa, iko nyingine siku hiyo hiyo? Tano, mzigo wangu wa bure ni kilo ngapi? Mzigo uliozidi hulipiwa, na kubishana juu yake mezani hula muda ambao abiria hana.

Kisha yeye mwenyewe ajiulize swali la sita, ambalo muuzaji hawezi kulijibu: ni saa ngapi nipaswapo kuwa mlangoni kwetu? Aanze na saa hiyo, ahesabu kurudi nyuma: gari la mwisho, kuchukua mzigo, ndege, kungoja uwanjani, gari la kwanza, kivuko ikiwa kipo. Aongeze saa moja kwa ajili ya mambo yasiyotazamiwa. Saa atakayoipata mwisho wa hesabu hiyo ndiyo saa ya kutoka nyumbani. Ikiwa imekwisha kupita, basi ndege hiyo si yake, hata kama nafasi ziko na bei ni nafuu, na afadhali atafute njia nyingine mara moja kabla nayo haijampita.